Riziki Yenye Alama ya Kuuliza

Baba alikuwa mwalimu wa Kiingereza, na katika miaka ile ya dhiki alikuwa na daftari la maneno. Humo aliandika maneno ya Kiingereza yaliyotoka kwa Waarabu, na kando ya kila neno akaandika ndugu yake wa Kiswahili: "sugar" na sukari, "coffee" na kahawa, "lemon" na limau. Mimi, binti yake wa kwanza, ndiye niliyekuwa mwanafunzi wake katika chumba chetu cha kupanga pale Nyasho, mjini Musoma. Sukari tuliiona zaidi kwenye daftari kuliko kwenye kikombe. Ungeweza kukaa kwenye foleni tangu alfajiri, na zamu yako ikikaribia, mwenye duka anafunga mlango.

Mama hakulipenda daftari lile. "Baba yenu analimaga maneno," alisema. "Sisi tutavuna nini?"

Maneno mengine Baba aliyawekea alama ya kuuliza kwa wino mwekundu. Hayo, alinieleza, ni yale ambayo wasomi bado wanabishania asili yake. Mojawapo lilikuwa "risk". Kando yake aliandika riziki, halafu ile alama. Nililipenda neno hilo kuliko yote, na alama yake sikuijali. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu na nilijua kila kitu.

Kisha ikaja ruksa ya kuingiza bidhaa kutoka nje. Maduka yakajaa, mifuko yetu ikabaki vilevile. Mshahara wa Baba ulikuwa unaisha kabla haujafika nyumbani, kwa hiyo Mama, mzaliwa wa Murangi, akarudi kwa ndugu zake wavuvi kununua dagaa wa kuuza. Alikuwa na kiwanja Buhare, kuta za matofali ya udongo zimeshapanda, bado bati tu. Mwenye nyumba wetu wa Nyasho akikasirika alikuwa anatufungia choo, na Mama alimeza matusi mengi kwa ajili ya kuta zile. Msimu ule alikusanya magunia ya dagaa aliyoamini yatatosha kuezeka. Alitaka kuyapeleka Mwanza.

Njia zilikuwa mbili. Lilikuwepo lori la kupitia Bunda, ambalo dereva wake aliapa mbele za watu kwamba mzigo ukiharibika ni juu yake, lakini nauli yake ilikuwa kali. Na ilikuwepo boti mpya ya tajiri mmoja, bei nafuu, yenye karani wa shati jeupe na karatasi ya Kiingereza. Baba alikuwa amekwenda Butiama kumzika baba yake mdogo. Mama akanipa karatasi palepale mwaloni, boti zinapopakia, magunia yake yamepangwa nyuma yetu.

"Haya, msomi, wanasema nini hawa?"

Chini kabisa waligonga muhuri: "at owner's risk". Moyo uliniruka kwa furaha. Neno langu!

"Mzigo unakwenda kwa riziki ya mwenyewe," nilisema kwa sauti, ili na karani asikie kwamba najua. Karani alikuwa anakaza kamba. Kama alinisikia, aliikaza zaidi.

"Kwa riziki yangu?"

"Ndiyo, Mama."

"Kumbe ni watu wa Mungu. Wenye maboti hawaandikagi hivyo." Akatia dole gumba.

Injini ilizima njiani na maji yakaingia. Watu walitoka salama, dagaa wakaoza, magunia yakamwagwa ziwani. Mama aliponiongoza kwa karani, jibu lilikuwa fupi. "Mama, si uliweka dole? Imeandikwa hapa. Likitokea lolote, hasara ni ya mwenye mzigo."

Mama alinigeukia akanitazama, wala si kwa hasira. Ningeshukuru ingekuwa hasira.

Baba aliporudi, Mama alimwekea karatasi mezani. Baba akasoma, akaniuliza nilisomaje. Nikamwambia. Alifungua daftari, kidole chake kikasimama kwenye wino mwekundu.

"Hii hukuiona?"

"Niliiona, Baba."

Alilifunga daftari. "Mama watoto, kosa ni langu," alisema. "Nilimfundisha neno, sikumfundisha shaka."

"Shaka ninayo mimi ya kutosha," Mama alijibu kwa upole. "Mngeniomba."

Upole ule ulimmaliza Baba. Daftari hakulifungua tena mbele yangu. Masika yale yakaanza kuzila kuta za Buhare, na yaliyofuata yakazimaliza. Mama aliacha kupita njia ya huko.

Miaka mingi baadaye, nami nikiwa mwalimu, Baba ameshakufa, niliikuta kamusi nene katika maktaba moja Mwanza. Wengine, ilisema, wanaamini neno "risk" limetokana na riziki. Wengine wanalitoa kwenye neno la mabaharia la miamba inayovunja vyombo. Hakuna ajuaye kwa hakika. Najua vizuri kwamba asili ya neno si maana yake. Hilo nawafundisha watoto wa watu kila mwaka. Hata hivyo nilifurahi kijinga, nikanakili maelezo yote na kupanda basi la Musoma siku hiyohiyo.

Nilimkuta Mama amelala, mgonjwa, katika chumba kilekile cha kupanga. Mvua ilikuwa inanyesha na karai lilikuwa sakafuni, mahali bati la mwenye nyumba linapovuja.

"Mama, lile neno la kwenye karatasi ya boti," nilianza. "Wasomi wanabishana mpaka leo. Huenda sikukosea sana."

Alisikiliza mpaka nikamaliza kumsomea. Kisha akaniomba nikamwage maji ya karai, maana lilikuwa limejaa. Niliporudi alikuwa bado ananitazama.

"Na wakishamaliza kubishana," aliniuliza, "watakuja kuezeka?"