Usingizi wa Konokono wa Darasa la Tano

Siku yangu ya kwanza ya kufundisha biolojia, katika shule moja ya sekondari upande wa juu wa Kadutu, mjini Bukavu, prefe, yaani mkuu wa shule, aliniangalia mikono kabla hajaniangalia uso.

"Madame, unaingia mu classe mikono tupu?"

Akanirudisha mlangoni. Nilirudi na jani la mgomba, nikafundisha mishipa yake, na tangu siku ile sikuingia tena darasani bila kitu cha kushikika.

Ninyi mnaofundisha kwa picha za simu mtanicheka, chekeni tu. Kwetu somo lilikuwa na ngazi zake. Kwanza révision, kukumbushana ya jana. Halafu motivation: unauliza maswali mpaka wanafunzi wenyewe wataje somo la leo, na kabla hawajalitaja huruhusiwi kuliandika ubaoni. Niliipenda ngazi hiyo kuliko zote, maana mimi ni mtu wa ubishi.

Somo lililonisumbua ni hibernation. Neno lenyewe limetokana na hibernus ya Kilatini, yaani la majira ya baridi. Ni usingizi mrefu wa wanyama wa nchi za theluji: moyo unapiga polepole, mwili unakula mafuta yake wenyewe. Bukavu theluji utaitoa wapi? Basi kila kiangazi niliokota konokono wakubwa waliojifungia ndani ya gamba kwa utando mkavu, nikawaweka katika boksi la chaki. Usingizi wao ni wa ukame na una jina lake, estivation, lakini ni ndugu wa ule wa baridi.

Vita ya pili ya nchi yetu ilipoanza, shule ilifungwa. Tulipofungua tena, darasa langu la tano, yaani mwaka wa tano wa sekondari, lilikuwa benchi mbili tu za mbele. Wengine walikuwa wamejificha kijijini Mumosho kwa ndugu zao, wengine wamekwenda kuchimba dhahabu Luhwindja. Prefe wakati huo alikuwa mwingine, mtu wa haraka lakini si mbaya.

"Madame, nitafunga hii classe. Batoto ni kidogo sana."

Niliumia. Nikamwomba aje kwanza aone somo moja.

Alikaa nyuma kabisa. Niliweka konokono kwenye sahani, nikauliza ana nini.

"Alishakufa, madame," akasema Nsimire, msichana aliyekuwa akiketi peke yake tangu mwenzake akimbie.

Nilimmwagia konokono maji ya uvuguvugu. Hakusogea. Nikauliza maswali yangu yote, hakuna aliyetaja somo, na ubao ukabaki mtupu. Kengele ikalia. Hakuna aliyeinuka. Nilidhani kweli nimewaletea maiti, na darasa langu ndiyo basi. Ndipo utando ukalowa, ukachanika, na pembe moja ikachungulia.

"Iko muzima!" Nsimire akapiga kelele. "Madame, ilikuwa inalala tu!"

Nikashika chaki, nikaandika kichwa cha somo. Prefe alikuwa amesimama, anarefusha shingo aone vizuri.

"Bon," akasema. "Tutaona mpaka Noeli."

Nsimire hakungoja Noeli. Jumamosi alishuka Mumosho kwa miguu, akapita nyumba kwa nyumba akitafuta wenzake. Jumatatu prefe aliwakuta langoni.

"Nani aliwaita?"

"Nsimire alituambia classe iko."

Wa Luhwindja walichukua muda zaidi. Wengine hawakurudi kabisa, nao ninawaombea hadi leo.

Sasa nimestaafu, na vijana huniuliza kama kazi ile ilikuwa na faida yoyote wakati wa vita. Huwaambia habari ya kiti changu. Kabla ya Pasaka prefe alibisha mlango wa darasa akinung'unika: amefika mwanafunzi mwingine, na benchi zimejaa. Nilimpa mwanafunzi huyo kiti changu. Miezi yote iliyobaki nilifundisha nimesimama, na hata leo, magoti yakiniuma kwenye milima ya Kadutu, sijutii.