Msitu wa Bafuni

Harufu ya mwani uliooza hung'ang'ania pazia la bafu hata ulifue mara ngapi. Nilikuwa na miaka kumi, tukiishi Al Qusais, Dubai, fleti moja na Mama Wanjiru na wanawe, bafu moja la kugombania, na joto limeshapanda hadi maji ya bomba la baridi yanachoma. Mwalimu alituonyesha picha ya kelpi, mwani wa bahari za baridi, mrefu kama minazi, samaki wakipita katikati yake. Mimi na kiherehere changu nikanyoosha mkono: mama yangu ni mkulima wa mwani, ametoka Paje, kwetu visiwani. "Basi tuletee msitu wako siku ya maonyesho," akasema, na darasa zima likanigeukia. Sikuwahi kutazamwa vile. Kwenda mikono mitupu ingekuwa aibu ya mwaka.

Huku Dubai mama alikuwa mpishi katika hoteli moja Al Barsha. Akaja na kelpi mbichi iliyotandikwa chini ya chaza walioletwa kwa ndege. Kwao mwani hupandwa kwa kukata kipande na kukifunga kwenye kamba, basi. Akakata, akafunga kwa mafundo yake madogo, akatandaza kamba ndani ya sinki la kuogea lililojaa maji, akamwaga chumvi na barafu. Nilikuwa nimesoma kitabuni kwamba kelpi haioti kwa kipande. Huanza kwa mbegu ndogo kuliko vumbi. Nikamwambia.

"Nimepanda mwani kabla hujazaliwa, leo unifunze wewe? Asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

Siku ya tatu majani yakawa ute. Mama Wanjiru, taulo begani, akagonga mlango: "Mama Zuhura, khalas, imetosha! Sisi tutaoga wapi?" Mama akaongeza barafu. Nililia kwa hasira, kwa sababu nilikuwa nimesema kweli na haikunisaidia kitu.

Siku ya maonyesho nilipeleka mifuko ya plastiki ya kijani niliyoikata vipande virefu. Nikasifiwa. Kisha nikamwona mama mlangoni, na sare ya kazi, ameshika ndoo ya ile kelpi yetu. Nikamkimbilia kabla hajaingia. "Rudi nayo, inanuka." Akarudi nayo kwa basi.

Leo naosha matangi ya samaki ya hoteli hapa hapa Dubai. Kelpi ya humo ni ya plastiki, nami huifunga kwa fundo la mama. Yeye amerudi Paje, na juzi kanipigia: bahari imekuwa ya moto, mwani wake unayeyuka kamba nzima. "Wewe uliyesoma, mwanangu, nifanyeje?"

Nilikasirika, sijui na nani. Jibu pekee lililonijia mdomoni lilikuwa barafu.