Kipimo cha leza kilivyotaka kumnyima mwanangu baba

Wakuu, salaam. Haya yalinipata mimi mwenyewe, sikusimuliwa na jirani. Nitayasema yalivyokuwa, na pale nilipoogopa nitasema niliogopa.

Siku niliyochoka kabisa ni ile wifi yangu alipomshika mwanangu kichwa mbele ya wageni, akamgeuza huku na huku kama anakagua mbuzi mnadani, kisha akasema, "Hata sikio si la kwetu."

Wageni wakacheka. Mama mkwe hakucheka. Alisema tu, "Mwacheni mtoto wa watu."

Mtoto wa watu! Mjukuu wake, tena mwenye jina la mumewe.

Nilimnyakua, nikamfunga mgongoni, nikatoka pale Kisesa na kanga zangu za jikoni, nikaelekea mjini.

Ngoja nirudi nyuma kidogo mnielewe.

Ilikuwa miaka ya tisini, biashara zimeachiwa huru, zahanati za watu binafsi zinafunguliwa Mwanza kama vibanda vya mitumba. Moja ilikuwa mtaa wa Mirongo. Ukutani waliandika kwa rangi nyekundu: DARUBINI YA LEZA, MAGONJWA YA MKOJO NA UZAZI WA WANAUME.

Nyie wa leo mtacheka. Sisi tukisikia leza tulijua hicho ni kitu kisichokosea.

Mwanangu alishaacha kunyonya siku nyingi na mimba ya pili haiji. Maneno yakaanza. Mwanzoni yalikuwa juu yangu, nikameza. Mume wangu alikuwa anakusanya sangara mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, na kuwapeleka kiwandani. Akaenda Mirongo kupima kimya kimya, mimi sijui.

Alirudi na jibu kwamba mbegu zake zote zimekufa na hawezi kuzaa.

Sasa mtoto ni wa nani?

Hakunipiga wala kunitukana. Aliacha tu kumwita mtoto kwa jina. Ikawa "mwambie huyo asogee", "huyo ameshakula?"

Wakuu, hapo ndipo hofu iliponiingia. Nikawa simwachi mtoto na mtu yeyote, hata chooni naenda naye. Jibu la Mirongo lilishamfikia baba mkwe, naye alishaitisha kikao cha ukoo. Nikikataliwa, mahari inarudishwa, na ng'ombe wa mahari yangu walishatoka zizini kwa baba, kule Usagara, kumuolea kaka yangu mke. Ndoa mbili zinavunjika kwa mpigo, na mwanangu anabaki hana ukoo.

Kibaya zaidi, nilianza kujishuku mwenyewe. Mwanamume mwingine sikuwahi kumjua. Lakini mashine imesema. Nilikaa jikoni nikijiuliza kama kuna kitu kilinipata nikasahau. Mimi niliyefika form four!

Basi, siku ile ya sikio nikafika Mirongo. Nikamkuta yule bwana na koti lake jeupe.

"Dada, hapa hatukisii," akaniambia. "Leza inaona mbegu moja moja. Hakuna hata moja iliyocheza."

"Alizitolea hapa?"

"Aliona aibu. Alikuja nazo kutoka nyumbani."

"Kwenye nini?"

"Kichupa, ndani ya boksi la barafu. Mumeo mtu makini sana."

Barafu! Nikajiuliza kama si hiyo iliyoziua. Nilishuka moja kwa moja mwaloni, nikamkuta mume wangu anapanga samaki.

"Baba Maduhu, uliziweka kwenye barafu?"

"Sasa ulitaka nizibebe juani zioze? Toka lini kitu kibichi kikasafiri bila barafu?"

Muuza samaki ana akili ya samaki, na sangara wake hawajawahi kuoza hata siku moja.

Nikamburuta hospitali ya serikali. Daktari alisikiliza, akafunika macho kwa kiganja. Akasema mbegu hubebwa katika joto la mwili na hupimwa mapema, barafu inazilemaza. Arudie, tena atolee hapo hapo.

Mume wangu akagoma. Aliogopa kuambiwa mara ya pili. Nilimsihi mpaka akaingia chumba cha pembeni.

Pale kwenye benchi nilitetemeka mpaka mtoto akaniuliza, "Mama unaumwa?" Maana zikikutwa hazichezi tena, kwangu ndiyo mwisho.

Daktari alitoka. "Zinaogelea. Si nyingi sana, lakini zinaogelea."

Mume wangu alichuchumaa ukutani. Kisha akaita, "Maduhu, njoo."

Mnadhani yakaisha? Nilirudi Kisesa na jibu la hospitali, nikampigia magoti baba mkwe.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Hiyo darubini ya serikali nayo ni ya leza?"

"Hapana baba, ya kawaida."

"Basi ndogo haiwezi kuisuta kubwa. Mwenye leza mwenyewe akisema alikosea, nitavunja kikao."

Nikarudi Mirongo. Yule bwana akanijibu, "Mashine yangu haikosei, na mimi sizungukii wakwe wa watu."

Nilichojifunza: kabla hujatetemekea jibu la mashine, uliza kitu kiliifikiaje. Mliopimwa mkaharibiwa nyumba, na madaktari mliomo humu, semeni, hata kunipinga nipingeni.

Malalamiko niliyopeleka kwa mganga mkuu wa mkoa, kwa mkono wangu, ni haya:

"Mheshimiwa, mtaalamu wa zahanati hii alipima mbegu za mume wangu zilizotoka Kisesa hadi Mirongo ndani ya barafu ya samaki. Barafu aliiona. Hakuona sababu ya kurudia kipimo. Akaandika kwamba mume wangu hawezi kuzaa, na sasa mtoto wangu anataka kutolewa kwenye ukoo wake.

Siombi fidia. Naomba aamriwe aje Kisesa, asimame mbele ya baba mkwe wangu, atamke kwa mdomo wake kwamba kipimo kile hakifai.

Kikao ni Jumapili. Niko hapa nje ya mlango wako na mtoto, na sitaondoka bila jibu."