Shati Kutoka Ng'ambo ya Kagera

Asubuhi ile nilikuwa barazani kwetu Mlali, nafumua koti kuukuu la mume wangu kwa wembe. Nguo zilikuwa adimu miaka ile. Kitambaa kikifika duka la kijiji, kiliisha kabla foleni haijasogea, kwa hiyo watu waliniletea makuukuu. Masista wa misheni walikuwa wamenifundisha kwamba nguo ukiifumua na kuigeuza, upande wa ndani huwa bado una rangi yake. Koti lile lilitoa kaptura za wanangu wote wawili. Deo, mume wangu, alizitazama akacheka.

"Modesta, siku moja utanifumua na mimi."

Siku chache baadaye redio ikatangaza kwamba adui amevuka mpaka kule Kagera. Deo alikuwa mgambo. Alipanda lori na wenzake, akakaa upande wa nyuma ili tuendelee kuonana.

Vita vilikuwa mbali nasi, lakini hofu haikuchelewa. Tuliambiwa tuwe macho, majasusi wapo. Kwa kuwa kiwanda cha risasi cha Mzinga hakikuwa mbali, ndege ikipita juu ya milima tulikimbilia ndani. Mgeni akiomba maji, aliulizwa kwanza anatoka wapi.

Wakati huo akaja Koku, na mtoto wake Adela mgongoni. Alikuwa Mhaya, amekimbia kutoka ng'ambo ya mto Kagera. Kaka yake alifundisha shule ya kijiji chetu, lakini alipofika akakuta naye amekwenda vitani. Akakaa peke yake katika nyumba ya kaka yake. Watu walimwitikia salamu, kisha walipompa kisogo wakaanza kunong'ona.

Mimi nilimpenda. Alikuja kila asubuhi kunisaidia kufumua, na alikuwa na mkono mwepesi. Siku moja akafungua kifurushi chake, akatoa shati la kijeshi.

"Mshonee Adela gauni, dada. Hana nguo nyingine."

Nililishika. Halikuwa la jeshi letu. Vifungo vyake vilikuwa na alama ya ndege mwenye shungi kichwani. Wifi yangu Prisila, dada yake Deo, alikuwa ameketi nasi. Akaacha kufumua.

"Umelitoa wapi?" nikauliza.

"Alinipa mwenye nalo. Askari wao. Alitukuta kwenye migomba, mtoto anatetemeka kwa mvua. Akalivua, akasema, 'Pita upesi, wenzangu wanakuja.'"

Nilitaka kumwamini. Lakini nilijiuliza, adui gani avue shati lake? Na kama alilitoa kweli, alilitoa bure? Sikuuliza. Nilikata vifungo nikavitia kwenye kopo, nikashona gauni.

Halafu wakaja.

Walikuwa mgambo wawili, na balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Mkude, mbele yao.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Modesta, lete vile vifungo."

Hakuuliza kama vipo.

Koku alinitazama. Nikamtazama Prisila. Prisila alitazama chini.

"Mzee, huyu ni mkimbizi," nikasema. "Amepewa shati tu. Mimi namdhamini."

"Unamdhamini mtu usiyemjua kwao?"

Mgambo mmoja akachukua kopo. Mwingine akamshika Koku mkono. Adela akalia. Koku hakulia. Alinisukumia mtoto, akasema neno moja tu.

"Mtunze."

Wakampeleka mjini.

Jioni ile nikamuuliza Prisila. Akaapa kwa Mungu kwamba hakumwambia mtu. Labda ni kweli, maana baraza letu lilikuwa njiani na kila mpita njia ana macho. Lakini tangu siku hiyo sikuongea tena mbele yake bila kupima maneno.

Mvua za masika zilipoanza, tukaletewa habari kwamba Deo ameuawa, amezikwa hukohuko. Kijiji kizima kilikaa matanga nyumbani kwetu. Katikati ya wafiwa Adela alikuwa akicheza, amevaa gauni la kijani lililotoka kwa watu waliomuua Deo. Prisila akanivuta kando.

"Lichome, wifi. Kaka yangu amekufa."

Nilimvua mtoto. Nikalishika lile gauni karibu na mafiga, moshi ukaniingia machoni. Adela akasimama uchi mbele yangu, ameinua mikono, anangoja nimvike tena.

Nikamvika.

Vita vilipokwisha, Koku akarudi. Alikuwa amekonda, na kucha za mkono mmoja hazikuwapo. Nilikimbia kumpokea. Alinipa mkono kwa adabu.

"Asante kwa kumtunza."

"Koku, si mimi niliyesema."

"Sawa, mama."

Zamani aliniita dada. Nikamwomba akae, nimpikie. Alisema kaka yake amerudi salama, amehamishiwa shule nyingine, lori linawangoja. Aliikagua shingo ya mtoto, mikono, tumbo, kama mtu anayetafuta jeraha. Kisha akamvua lile gauni, akamvika khanga yake, akaniachia gauni juu ya mkeka.

Nimezeeka sasa, na nimewaza sana juu ya niliyopoteza. Deo nilimlilia, watu wakanifariji, padri akamwombea, nikaamka siku moja nikaweza kula. Koku yeye alikuwa hai. Hakuna aliyekuja kukaa matanga nami kwa ajili yake.