Boya Katika Mfereji wa Pedeje

Nilimchukia yule mtu kabla sijamwona, na nilipomwona nikamchukia zaidi.

Alikuwa pedeje, kama tunavyowaita wenye mashimo ya dhahabu. Mashine yake ya kuoshea mchanga ilitapika matope ndani ya mto Luama, juu kidogo ya mahali mama yangu alipoloweka muhogo. Muhogo ukaanza kunuka mazuti, yale mafuta ya mashine. Sokoni Kasongo wanawake waliunusa, wakaurudisha kwenye beseni. Mama alipokwenda kulalamika, pedeje alimjibu mbele ya wachimbaji wake wote: "Muhogo yako inanuka sababu weye mwenyewe iko muchafu." Wakacheka. Mama yangu, anayefua hata kitambaa cha kufungia chumvi! Alinisimulia ameinamia beseni lake, asitake nimwone macho.

Wakati huo watafiti wa chuo walikuwa wameniajiri kufuata maboya yao: mitungi midogo ya plastiki yenye kipimo cha matope ndani. Tuliyaachia upande wa juu wa mto yakaelea yenyewe, na kila moja lilituma mlio kwenye kipokezi nilichobeba pamoja na antena. Mlio ukififia nageuka, ukipata nguvu naendelea. Niliyaokota kwenye matete na kwenye mitego ya samaki.

Moja likakataa kushuka. Siku mbili mlio wake ulitoka mahali pamoja, nami nikaufuata mpaka kwa pedeje. Moyo ulinidunda kwa furaha mbaya.

Alikuwa ameliopoa mwenyewe. Kitaa chake chekundu kilimfanya aamini ni chombo cha kutafutia dhahabu, kama vile vinavyolia juu ya ardhi huko kwenye migodi ya Salamabila. Hakunijua mimi ni mtoto wa nani. Aliona antena, akaniona fundi.

"Dada, hii kitu inaonyeshaka zahabu namna gani?"

Ningeweza kulidai boya nikaenda zangu. Badala yake nilimwambia aliweke kwenye mfereji, pale maji machafu yanaporudi mtoni, na asiliguse juma zima.

"Lazima izoee kwanza," nikasema.

Nilidanganya, na hadi leo sijatubu. Alinishukuru sana, akaweka na mlinzi.

Juma lilipokwisha nilirudi na watafiti pamoja na chifu. Boya lilifunguliwa mbele ya watu. Kila mashine iliponguruma, kipimo kilionyesha matope yamepanda; ilipozimwa, yameshuka. Pedeje akakana, akadai chombo kilitoka kwingine. Chifu akamwuliza mlinzi.

"Pedeje mwenyewe aliiweka," mlinzi akajibu kwa fahari. "Haikutoka hapa hata siku moja."

Nilitamani kumkumbatia yule mlinzi. Chifu aliamuru mashine izimwe mpaka pedeje achimbe bwawa la kutulizia matope, mbali na mto.

Maji yakaanza kung'aa. Mama alirudi kuloweka muhogo wake, na asubuhi alipoutoa, pedeje akapita na wachimbaji wake. Nilisimama katikati ya njia. Mama alikuja polepole na kipande kinachodondoka maji, akakiweka chini ya pua ya pedeje.

"Nusa."

Akanusa.

"Inanuka?"

"Hapana, mama."

"Sema na nguvu. Ile siku ulisema na nguvu."

Akasema tena, kwa sauti ya kusikika na wote. Safari hii hakuna aliyecheka isipokuwa mimi.