Matambara Manne ya Mama Bomba

Saa tatu asubuhi, injini ya teksi nyeupe imeshafungwa. Dereva yuko kwenye usukani, ufunguo mkononi. Mwanamke mwembamba, mikono imelowa mafuta ya taa, anasimama mbele ya gari.

"Usiwashe, mwanangu. Hesabu yangu haijatimia."

Gereji nzima humwita Mama Bomba. Kazi yake ni kusafisha mabomba yanayoingiza hewa kwenye injini kabla fundi hajayarudisha. Akikwangua masizi, huziba matundu manne ya injini kwa matambara ili uchafu usidondokee ndani. Manne huingia, manne hutoka.

Leo yametoka matatu. Alipokwenda kuosha brashi, fundi, kwa haraka zake, akayatoa mwenyewe na kurudisha mabomba.

Matambara yenyewe si ya kuokota. Miaka kumi na tisa iliyopita alitumia vitambaa vya gereji, vyote rangi moja. Kimoja kikasahauliwa, injini ikakivuta, ikafa. Alisimamishwa kazi miezi mitatu. Nyumbani wakala mlo mmoja kwa siku.

"Tangu hapo nakata nguo za nyumbani," anasema. "Nguo ya mtu wako huwezi kuisahau."

Mezani kuna kipande cha gauni la mama yake, cha sketi ya shule ya bintiye na cha shuka lake la kwanza la ndoa. Kisichoonekana ni cha shati la buluu la marehemu mumewe, kipande cha mwisho kilichobaki.

"Alilivaa akinifundisha baiskeli uani. Anashika kiti, anacheka mpaka anakohoa. Kumbe ameshaniachia zamani, naendesha mwenyewe!"

Fundi anajikuna kichwa. "Mama, nifungue nati zote kwa ajili ya kitambaa?"

"Fungua. Kisipokuwemo, naondoka leo na sirudi."

"Abiria wangu wanazeeka kituoni," dereva analalamika.

Fundi anafungua akinung'unika. Kwenye tundu la tatu anainama, anachungulia. Anaingiza koleo, anavuta taratibu: kitambaa cha buluu, kimechanika katikati.

"Nisamehe, mama," anasema kwa sauti ya chini. "Hiki sasa kakipumzishe nyumbani."

Mama Bomba anakifua, anakikamua, anakianika kwenye boneti.

"Nyumbani kitafanya nini? Mwenyewe hakuwahi kukaa bure."

Anataka miaka miwili zaidi ya kazi, hadi bintiye amalize chuo cha uuguzi. Ameshamwonya asiigawe sare yake ya mwaka wa kwanza.

"Ikianza kumbana tu," anasema, akiinamia injini nyingine, "ailete hapa."