Mfupa Mmoja na Mshona Viatu

Muuza nyama huyo mtaa mzima ulimwita Mfupa Mmoja, kwa sababu hakupima kilo ya nyama bila kuisindikiza na mfupa, utake usitake. Ukilalamika, alikuambia hata ng'ombe mwenyewe alizaliwa nao. Watu walicheka, wakalipa. Nani angedhani mtu mcheshi kama huyo ana hofu kifuani? Lakini alikuwa nayo, na aliilea kama yai. Marehemu babu yake hakuwa mzaliwa wa hapa. Alivuka mpaka akiwa kijana, yeye na rafiki yake, wakahamia mtaa huu. Rafiki huyo ndiye aliyemzaa mshona viatu, mzee wa kibaraza kinachotazamana na bucha. Katika mtaa wote, waliojua habari hiyo walibaki Mfupa Mmoja na huyo mzee tu.

Mwaka ule akaja mtafiti kutoka chuo kikuu, mama mpole, akichunguza makabila, rangi za watu na jinsi walivyohama. Wakambandika jina la Bibi Maswali. Wengi walimkwepa, ila mshona viatu alimpa kigoda akamsimulia mbele za watu, uzi ungali mdomoni, kwamba baba yake alitoka ng'ambo hana kitu ila shoka begani na rafiki mmoja.

Bibi Maswali akauliza rafiki huyo alikuwa nani. Mzee akainua macho, akaitazama bucha. Akasema hiyo ni habari ndefu, arudi kesho waongee ndani. Upande wa pili wa barabara, shoka la Mfupa Mmoja likaukosa mfupa, likazama kwenye gogo.

Kesho yake aliuona mlango wa mzee ukifungwa, mtafiti akiwa ndani. Walisema nini? Kuuliza aliona haya, na kutouliza kulimkosesha usingizi. Akawa anauza nyama bila mzaha.

Haukupita muda, mlinzi mmoja wa ghala akakutwa ameuawa. Nani kamuua, hakuna aliyeona, lakini kufikia saa mbili asubuhi kila mdomo ulikuwa unasema ni wakuja, wale waliotoka ng'ambo ya mpaka. Vijana wakaingia buchani kutaka visu. Mbele yao alikuwa msukuma mkokoteni, mteja wake wa kila siku.

"Na wewe toka," alimwambia. "Au unajificha kama mkuja?"

Mfupa Mmoja akachukua shoka lake, akatoka.

Kibaraza kilivunjwa kwa dakika chache. Viatu vya watu vilitupwa mtaroni, gundi ikamwagwa, cherehani ikapigwa mawe mpaka ikalala ubavu. Mzee walimburuta kwa ukosi wa shati, wakampiga mateke hata akatema damu. Msukuma mkokoteni akamkanyaga mkono ule wa kushonea.

"Baba yako alikuja na nani? Mtaje huyo mwenzake."

Mzee akatafuta kwa macho katikati ya miguu ya watu, mpaka akamwona Mfupa Mmoja.

"Mwanangu," alisema, "waambie..."

Hakumaliza. Mfupa Mmoja alimpiga tayani kwa kisogo cha shoka, akausikia mlio anaoujua vizuri kuliko mtu yeyote mtaani, mlio wa mfupa kukatika. Vijana wakamshangilia. Mmoja alimkumbatia. Kisha wakamiminika nyumba ya pili, yeye akabaki amesimama.

Mke wa mzee akatoka ndani, akapiga magoti, akamfunga mumewe taya kwa leso. Alizungumza bila kupandisha sauti.

"Alitaka uwaambie wamwache, maana wewe wanakusikiliza. Yule mama alipokuja nilikuwepo. Alimwambia rafiki wa baba yake alifia njiani. Mume wangu alimzika babu yako njiani kwa maneno tu, mwanangu, ili wewe uishi."

Mfupa Mmoja akaliweka shoka chini. Akauvuta mkokoteni ulioachwa hapo, akamlaza mzee juu ya magunia, akaanza kusukuma kuelekea hospitali. Mke wa mzee alitembea ubavuni, ameishika leso isilegee.

Penye kona wakakutana na vijana wakirudi, nguo zinanuka moshi.

"Mfupa Mmoja, unampeleka wapi huyo?" aliuliza mwenye mkokoteni. "Ndugu yako?"

Jibu alikuwa nalo tayari: kwamba anakwenda kumtupa jalalani. Wangecheka, wangempisha. Mdomo ulikwisha funguka kulisema.

"Ndugu yangu," alisema. "Babu yangu ndiye aliyekuja na baba yake."

Walicheka kwanza, wakidhani ni mzaha wake. Wakamngoja na yeye acheke. Hakucheka, na kicheko chao kikakatika mmoja mmoja. Jiwe la kwanza liligonga ubao wa mkokoteni. La pili lilimpasua sikio. Alimwambia mke wa mzee apite mbele, akainamisha kichwa, akasukuma.